Ngamia Amepata Chesisi



Wiki hii simu yangu haijapumzika. Wengi mmeona picha ya Ngamia nje ya gereji akiwa na rangi mpya na namba mpya, na mnauliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini kanisa lilitumia pesa kwa gari kuukuu namna hiyo. La pili, namba yetu ya zamani imeenda wapi. Wengine mmeuliza kwa upole, na wengine kwa ule upole wa kanisani wenye meno. Nitajibu yote mawili. Mnivumilie tu, maana jibu lina vyuma vingi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: Ngamia ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1978. Mzee mmoja kati ya waanzilishi wa kanisa letu aliitumia Pwani miaka mingi kubeba mchanga na nazi, kisha akahamia Nakuru, akaitoa kwa kazi ya Injili. Mzee amelala katika Bwana. Gari lake limetupeleka Marigat, Loruk, Tangulbei, Chemolingot. Limebeba mahindi wakati wa njaa, mabati ya kanisa, spika za mkutano, na usiku mmoja lilibeba mama aliyekuwa akijifungua, sisi tukiimba huku nyuma ili asisikie mawe yanavyogonga. Anayeijua Tiaty anajua kwamba lami ikiisha kinachobaki ni mawe na laga, ile mito ya mchanga ambayo asubuhi ni mikavu na jioni inasomba ng'ombe. Probox haifiki huko. Pikipiki inafika, lakini haibebi magunia kumi.

Mwaka jana mlango wa dereva ulianza kukataa kufunga. Ukiusukuma unarudi. Ndugu mmoja akasema ni bawaba, tuweke mpya, elfu mbili mia tano, tumalize. Fundi wetu hakuuangalia mlango hata kidogo. Alichukua nyundo ndogo, akatandika gunia chini ya gari, akalala chali na kuanza kugonga. Nilikuwa nimesimama pale na soda yangu. Chuma kizima hulia kama kengele, mnajua. Alianzia mbele, tukasikia ting, ting, ting. Alipofika katikati, karibu na mahali mlango unaposimama, mlio ukageuka ukawa pu, pu, kama kugonga boga. Akagonga mara moja zaidi na nyundo ikaingia ndani.

Akaniita nikainama. Kilichokuwa kinashikilia pale si chesisi. Ni viraka vya bati vilivyochomelewa juu ya viraka vingine, vikapakwa lami nyeusi juu yake miaka na miaka, safu baada ya safu. Chini ya lami kulikuwa na unga mwekundu.

Hapa inabidi niwaeleze gari hili lilivyoumbwa, la sivyo mtasema Mchungaji anatia chumvi. Bodi ya Land Rover ya zamani karibu yote ni alumini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo, na alumini ilikuwepo. Kwa hiyo walijenga gari lenye ngozi ya alumini juu ya fremu ya chuma, wakalionyesha watu Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo sababu unaweza kuona Land Rover ya miaka 40 ikiwa na mashavu laini, inang'aa Jumapili asubuhi, na huku chini mifupa imekwisha. Tena chesisi yake ni bomba la pembe nne, tupu ndani. Imetobolewa matundu madogo ya kutolea maji. Tope likiziba matundu hayo, maji hukaa ndani, na kutu huanza ndani kwenda nje. Weka juu ya hayo mchanga wa bahari wa miaka ya Pwani, na chumvi yake. Kufikia siku utakayoona kutu kwa macho, kazi ilishaisha zamani.

Basi tulikuwa na gari lenye injini nzuri, giaboksi nzuri, bodi nzuri, na halikuwa na pa kusimama. Uingereza wako watu wanaotengeneza chesisi mpya za magari haya na kuzichovya kwenye zinki zisishike kutu. Nilipiga hesabu ya bei, meli na ushuru, nikafunga kitabu. Ilibaki kutafuta chesisi iliyotumika, kutoka kwa gari lililokufa kwa ugonjwa mwingine.

Neno likienea mjini kwamba kanisa linatafuta chuma, chuma kinakuja chenyewe. Siku ya nne alikuja mtu na pikapu, saa mbili usiku. Ndani alikuwa na chesisi ya inchi 109, nyoofu, safi kuliko tulivyoomba. Bei yake shilingi 65,000. Fundi akaizunguka na tochi, akafika pale mbele kulia, karibu na springi inapofungwa, ambapo namba ya chesisi hupigwa. Pakawa laini. Pamesagwa na grainda, pakapakwa rangi. Nikamuuliza yule mtu, kwa hiyo namba iko wapi? Akacheka akasema, "Pasta, hiyo ndiyo bahati yenu. Mnagonga ile yenu ya zamani hapo, logbuku mnayo tayari, nani atajua?"

Wapendwa, nitasema ukweli kuhusu kikao cha wazee kilichofuata, kwa sababu wengi wenu mmesikia nusu yake. Wapo waliosema tununue. Si watu wabaya. Ni watu wanaohesabu sadaka ya wajane kila Jumapili, wanajua elfu 65 ni nini na laki mbili ni nini. Mmoja akasema hivi, na hoja yake ilikuwa na nguvu: gari ni letu, namba ni yetu, tunabadilisha chuma tu, kama mtu anavyowekewa goti la bandia. Je, akiwekewa goti la bandia anabadilishiwa kitambulisho?

Nilimjibu kwamba kwa goti sina ubishi. Lakini kwa hesabu ya serikali, chesisi si goti. Namba ya chesisi ndiyo gari lenyewe. Unaweza kubadilisha injini ukaandikisha, ukabadilisha rangi ukaandikisha, lakini kusaga namba ya chesisi na kupiga nyingine ni jinai, hata aliyeshika nyundo akiwa shemasi. Na kuna jambo lililonisumbua kuliko sheria. Chesisi isiyo na namba ina mwenyewe. Mahali fulani katika nchi hii kuna mtu aliamka asubuhi akakuta nafasi tupu nje ya nyumba yake. Pengine naye alikuwa akiomba gari lake lirudi. Nasi tulikuwa tukiomba chesisi ije. Sikutaka maombi yake na yetu yakutane kwa Mungu namna hiyo.

Nikawafungulia Mwanzo 27. Mnaijua. Baba haoni. Anauliza aliyeingia ni nani, na Yakobo anajibu kwa jina la kaka yake. Mikononi amevaa ngozi za wana-mbuzi, shingoni pia. Yaani amesaga namba yake, amepiga ya Esau, na amepaka rangi juu ili mkaguzi akipapasa asigundue. Na ikafanya kazi! Hilo tusilifiche tunapohubiri. Baraka aliipata. Kilichofuata ni miaka 20 ugenini kwa Labani, ambako naye alibadilishiwa bibi arusi gizani.

Halafu mwende Mwanzo 32, usiku wa Yaboki. Yule anayeshindana naye anamwuliza jina lake. Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alituuliza, Mungu anamwulizaje mtu jina kana kwamba hamjui? Darasa zima tukanyamaza. Mimi naamini swali lile lilikuwa limengoja tangu hema la Isaka. Mara ya mwisho Yakobo kuulizwa yeye ni nani mbele ya baraka, alitoa jina la mwenzake. Safari hii akasema ni Yakobo, jina lenye maana ya mshika kisigino, jina lisilopendeza. Jina la Israeli lilikuja baada ya hapo, na halikuja kabla. Akaondoka akichechemea, lakini hakuwa tena amevaa ngozi ya mbuzi.

Kikao kiliisha saa tano usiku. Pikapu ikarudi na mzigo wake, na wazee wawili waliondoka bila kunipa mkono. Tangu hapo tumesalimiana, Mungu ni mwema.

Ilituchukua miezi minne kupata nyingine. Tuliipata karibu na Nanyuki, shambani, Land Rover ya inchi 109 kama yetu, imekaa bandani miaka mingi na injini iliyopasuka bloku. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha mbele. Mwenye nayo alikuwa na logbuku kwenye bahasha ya plastiki, jina lake, sahihi yake. Hakuuza chesisi peke yake. Alisema chukueni gari zima na karatasi zake, tuhamishe kwa utaratibu. Shilingi 190,000. Lori hadi Nakuru 18,000. Fundi alipiga tepu kutoka pembe hadi pembe, msalaba, kwanza huku kisha kule. Vipimo viwili vikilingana, fremu haijapinda. Vililingana. Nilimwona akitabasamu, na huyo si mtu wa kutabasamu.

Lakini kukubali chesisi ile kulimaanisha kukubali jina lake. Kisheria, Ngamia wetu ndiye anayekufa. Lile gari la Nanyuki ndilo linalofufuka, likiwa limevaa bodi yetu na kubeba injini yetu, na injini hiyo inaandikishwa na gari linakaguliwa. Namba ya Mzee, ile ya zamani kabla hata ya hizi zinazoanza na KA, inafutwa kwenye rejista na logbuku yake inarudishwa. Hilo ndilo jibu la swali lenu la pili.

Sikuweza kulifanya bila kumwambia mjane wake. Tulimleta Shosho gerejini Jumamosi moja. Bodi ilikuwa imeshashushwa, chesisi ya zamani iko chini imelala kama mifupa ya samaki. Akazunguka na fimbo yake. Akaingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa chekundu, akakifuta kwenye leso. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kumfariji. Akanikatiza.

"Pasta, namba hiyo Mzee aliikuta kwenye gari. Hakuzaliwa nayo."

Nikamwambia, "Ndiyo, Shosho, lakini watu wa Tiaty wanaijua."

"Wanajua namba, au wanajua unga?"

Sikuwa na la kujibu. Akaomba kiti, akakaa hadi saa kumi akiwaambia mafundi hadithi za Mzee, na kazi haikuendelea siku hiyo.

Sasa niwaambie kuhusu kijana mmoja. Ameniruhusu niandike, bila jina lake wala la mahali alipofanya kazi. Aliacha shule kidato cha tatu kwa kukosa karo. Baada ya miaka miwili ya vibarua na kuchomelea madirisha, alipata kazi nzuri kwa cheti cha kidato cha nne cha binamu yake. Amefanya kazi hiyo miaka 7, kwa bidii, bila barua hata moja ya onyo. Kazini anaitwa jina la binamu. Malipo yake ya NSSF yanaingia kwa jina la binamu. Alinieleza kwamba kila mkubwa wake akiita jina lile, kwanza yeye hunyamaza nusu sekunde, halafu anaitika. Miaka 7 ya nusu sekunde. Kisha siku moja mtoto wake wa miaka 5 akamuuliza kwa nini watu wa kazini wanamwita Baba jina la Uncle.

Alikuwepo kanisani siku niliyowaeleza kwa nini gari bado halijapona. Alikuja gerejini Jumatatu, akasimama akiangalia ile sehemu ya namba kwenye chesisi ya Nanyuki. Akasema, "Mchungaji, mimi ndiye ile nyingine."

Sikumwambia ajiripoti kesho yake. Ana watoto watatu. Mtu anayemwambia mwenzake aruke mto naye yupo ng'ambo kavu, huyo si mchungaji. Tuliomba, tulizungumza na wakili, tukazungumza na mke wake, ambaye alilia kisha akasema afadhali. Mwezi wa pili alipeleka barua mwenyewe, nami nilikaa nje kwenye benchi. Kazi imeisha. Kama watamdai mishahara, kama kutakuwa na kesi, bado hatujui, na sitawadanganya kwamba nimeona maono. Binamu yake pia amekasirika, na ana haki. Mkimwona mwombeeni, msimuulize maswali.

Kwa sasa anafanya kazi na fundi wetu, kwa sababu kuchomelea anajua. Yeye ndiye aliyerudisha mikono miwili ya chesisi inayobeba bodi. Nilimtazama akikata. Nilidhani angekata pale kutu inapoonekana, lakini alikata mbele zaidi, akaingia kwenye chuma kizuri. Akanieleza, moto haushiki juu ya kutu. Ukichomelea kwenye kutu unapata kitu kinachofanana na kiungo. Baadaye waliingiza mnyororo ndani ya fremu, wakaivuta huku na huku hadi vumbi jekundu likajaa nusu debe. Wakazibua matundu ya maji yote. Wakapaka rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani wakamimina oili.

Bushi za springi peke yake zilikula siku tatu. Zilikuwa zimeshikana na chuma kama ndoa ya zamani. Walizichoma moto, wakazikata kwa msumeno, wakazigonga, na kuna maneno niliyosikia pale ambayo nimeyasamehe. Kati ya alumini na chuma waliweka vipande vya mpira, kwa sababu hivyo viwili vikigusana na maji yakiwa katikati, vinalana.

Na siku ya kuwasha taa, taa zikawa hafifu kama mshumaa. Betri mpya, nyaya nzima. Kila mtu akatoa maoni, pamoja na mimi ambaye sikuulizwa. Kumbe umeme wa gari hurudi kwenye betri kupitia chuma cha chesisi, na tulikuwa tumeipaka rangi nzuri mno kila mahali. Fundi akachukua msasa, akakwangua sehemu ndogo ya ukubwa wa sarafu, chuma kikabaki uchi, akafunga waya hapo. Taa zikawaka hadi ukutani kwa jirani. Wahubiri, hiyo nimewaachia, msije mkasema nawabania.

Hesabu, kwa sababu ni sadaka yenu: gari la Nanyuki na lori ni 208,000. Chuma, rangi, bushi, nyaya, ukaguzi na kazi ya mafundi, 87,000. Mabaki tuliyouza kwa watu wa skrapu yalitupa 31,000. Kwa hiyo kanisa limetoa shilingi 264,000. Risiti ziko kwa mweka hazina, na yeyote anaweza kuziona baada ya ibada. Mlango wa dereva unafunga kwa kidole kimoja, kwa bawaba zilezile za zamani.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu historia, kwa wale ndugu wanaosema Land Rover iliyobadilishwa chesisi si Land Rover tena. Mwaka 1947, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba Wales na Jeep ya jeshi la Marekani iliyobaki baada ya vita. Alipotaka kujaribu wazo lake la gari la wakulima, mfano wa kwanza kabisa ulijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Kwa hiyo ile ya kwanza kuliko zote ilisimama juu ya mifupa ya gari lingine. Mkibishana tena kwenye kundi la WhatsApp, mjue hilo.

Safari ni Ijumaa ijayo, saa kumi na moja alfajiri, kutoka kanisani. Tunalala Marigat, Jumamosi tunaingia Chemolingot, Mungu akipenda na laga zikiruhusu. Tunahitaji unga, mafuta ya kupikia, sabuni na nguo za watoto; leteni kufikia Jumatano jioni. Kijana wetu anakuja kama fundi wa safari. Nafasi za nyuma zimebaki nne, na ni mbao, kwa hiyo beba mto. Ya mbele msiniombe. Shosho ameshaichukua.